Mwaka Taya Langu Lilipogoma

Nawaandikia wale walioamka asubuhi moja na kukuta kiungo kimoja cha mwili kimewagomea, na kila anayewapima anawaambia hawana kitu. Mimi nilikataliwa na taya. Wengine ni tumbo, wengine mkono, wengine moyo unaokimbia hali wao wamekaa. Sina elimu ya udaktari. Mimi ni fundi wa kushona nguo za kike Buyenzi, Bujumbura, na nitasimulia tu njia niliyopita. Asiyeumwa asome pia, maana huenda analala chumba kimoja na anayeumwa.

Miaka ile vita ilikuwa imeshatuzoea. Ikifika jioni kila mtu alikuwa ameshaingia ndani, na mizinga ikilia milimani juu ya mji tulikisia umbali wake kama watu wa kwingine wanavyokisia radi, kisha tukaendelea kuchambua mchele. Mume wangu, Ramadhani, alikuwa dereva wa lori. Alipeleka chumvi na sabuni mikoa ya kaskazini akarudi na maharagwe na viazi. Barabara ile inapanda mlima mara tu unapotoka mjini, kona juu ya kona, na huko ndiko magari yalikokuwa yanaviziwa. Malori yalipanda pamoja, askari mbele na askari nyuma. Tuliita konvua. Wake wengine wa madereva waliomba waume zao warudi na mzigo mzuri. Mimi nilikuwa nimeshaacha kuomba habari ya mzigo.

Nyumbani tulikuwa wanne: mimi, Ramadhani, binti yetu Hadija aliyekuwa ameanza shule juzijuzi, na mama yake Ramadhani. Kwetu mama mkwe tunamwita mabukwe, na ndivyo nitakavyomwita hapa. Alikuwa mwanamke mkavu, msafi, wa sala tano na maneno machache, na nyumba yetu aliiwekea sheria moja: hofu haitajwi. Ukiitaja, alisema, umeiita jina, nayo itaitika. Basi hatukuitaja. Ramadhani akirudi alisema njia ilikuwa shwari. Mimi nilisema mtoto hakusumbua. Tukanawa mikono tukala.

Mwishoni mwa kiangazi Ramadhani alikuja na turubai la lori, akaniomba nilitie viraka. Alisema limechanwa na tawi la mkaratusi, kisha akaenda msikitini. Nililitandaza uani. Sasa, mimi kitambaa nakijua. Kikichanwa na tawi hufuata uzi, hutoa mpasuko mrefu wenye nyuzi zinazoning'inia. Matundu haya yalikuwa madogo na ya mviringo. Kila tundu la upande mmoja lilikuwa na mwenzake upande wa pili, chini kidogo. Mawili yalikuwa pale mbele kabisa, turubai linapokaribia kibanda cha dereva. Nilipitisha kidole katika moja nikakiona kikitokea upande wa pili, nikakitazama kama si changu.

Nikakata viraka, nikashona kwa uzi maradufu. Ramadhani aliporudi alikagua kazi, akanishukuru. Nikamwambia, "Tawi baya hilo." Akasema ndiyo, baya sana. Mabukwe alikuwa kizingitini anachagua mboga za lengalenga, hakuinua kichwa. Sasa hivi nikiyakumbuka haya najua kwamba wakati nasema maneno yale meno yangu yalikuwa yamekutana, ya juu na ya chini, yamebanana kama milango iliyokomewa kwa ndani. Siku ile sikujua.

Mvua za kwanza zilipoanza, kichwa kilianza kuniuma kwenye panja. Halafu sikio. Zahanati walinipa dawa ya matone, haikusaidia. Wakanipa dawa ya malaria, nikatapika tu. Jino la nyuma liliuma juma moja, juma la pili likauma jingine upande wa pili kabisa, kana kwamba maumivu yenyewe yanatafuta pa kulala. Nikitafuna, chini ya sikio kulikuwa na kitu kinaalika, kak, kak. Hadija alikuwa anakisikia ng'ambo ya sinia, anacheka.

Sisi mafundi tuna tabia ya kushika pini kwa midomo. Siku moja niligeuka ghafla kwa mshindo wa geti, pini ikanichoma kwenye ufizi. Nilitema damu kidogo nikasahau. Siku chache baadaye niliamka nikitaka kumwita Hadija ajiandae kwenda shule. Sauti ilitoka puani. Midomo iliachana, meno yakakataa. Nilisukuma kwa vidole, maumivu yakapanda hadi sikioni nikaona nyota. Nafasi iliyobaki ilikuwa ya kupitisha mpini wa kijiko, si kijiko chenyewe.

Mabukwe alinishika kidevu akanisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Aliniuliza nimechomwa na nini hivi karibuni. Nikaonyesha sanduku la pini. Akalitaja jina la ugonjwa kwa sauti ya chini sana, yeye ambaye hakutaja kitu.

"Pepopunda."

Ramadhani alikuwa kaskazini. Jirani yetu, fundi magari, alitupeleka hospitali kwa gari la mteja. Tuliwekwa kwenye benchi la korido, na kila mara tulipokaribia mlango waliletwa watu waliofungwa mashuka yenye damu, wakapitishwa mbele yetu, na ilikuwa haki. Nilikaa na kitambaa mdomoni cha kupokea mate. Niliona aibu. Kila mtu pale alikuwa na jeraha la kuonyesha. Mimi nilikuwa na mdomo tu.

Walinilaza katika chumba chenye mapazia mazito, maana mwenye pepopunda hatakiwi kuona mwanga wala kusikia kelele. Kitanda cha pili kilikuwa na mkulima aliyejikata mguu kwa jembe. Yeye alikuwa nayo kweli. Mlango ukigongwa kidogo tu mgongo wake ulijipinda kama upinde, visigino na kisogo ndivyo vilivyobaki kugusa godoro. Wauguzi walitembea bila viatu. Walifunga bawaba za mlango kwa pamba. Lakini hakuna aliyeweza kufunga milima kwa pamba. Mizinga ilipolia alikakamaa, na mkewe akamwekea mkono kifuani, anangoja ipite. Mimi nilimtazama kama mtu anayetazama kioo. Kila alipokakamaa, nilisubiri zamu yangu. Nilibana mwili wote nisije nikajipinda, na nadhani katika kubana kule taya lilizidi kujifunga.

Asubuhi moja niliamka kitanda chake kimetandikwa upya.

Siku hiyo hiyo daktari alikuja na wanafunzi wawili, akanigonga magoti, akaniambia kama ningekuwa na pepopunda ingekuwa imeshajionyesha. Ni misuli tu, alisema. Huna kitu, mama, nenda nyumbani. Alisema kwa wema na alikuwa amechoka sana. Mabukwe alisema alhamdulillah, nami nilisema hivyo moyoni. Lakini tukiwa nje kwenye jua nilijiuliza: kama sina kitu, mbona sifungui kinywa?

Hapo ndipo ilipoanza sehemu ngumu, kuwa mgonjwa asiye na ugonjwa.

Niliishi kwa uji mwepesi, maji ya maharagwe yaliyochujwa, ndizi iliyopondwa mpaka ikawa kama maziwa. Nilivuta chakula kwa kelele, kwa hiyo nikaanza kula peke yangu nyuma ya pazia. Gauni zangu zilinipwaya, nikazipunguza mwenyewe kiunoni, mara ya kwanza, mara ya pili. Uso nao ulibadilika. Mwili ulipungua lakini mashavu karibu na masikio yalivimba na kuwa magumu kama kiganja cha mbeba mizigo, sura ikawa ya pembe nne. Wateja walidhani nimewanunia. Mmoja aliniuliza kama mume wangu ananipiga. Jirani mwingine alisema kuna mwanamke amenifunga ulimi kwa uganga. Mabukwe alimleta shehe kunisomea, na nitasema kweli: sikufunguka, lakini ule usomaji wa polepole ulinipumzisha kuliko dawa zote za zahanati. Nililala adhuhuri ile kama mtoto.

Ramadhani aliumia kwa namna yake. Alikuja na mchele mzuri, mimi siwezi kuutafuna. Alileta habari za kuchekesha, mimi sicheki. Siku moja aliweka chini bakuli akasema, "Mama Hadija, kila nikiingia unanipokea na uso wa matanga. Mi nimekufa?" Nilitaka kumjibu mengi. Kwa mdomo ule nilitoa neno moja, "Apana," nikaingia ndani. Yeye akatoka kwenda kwa mafundi magari, akakaa huko hadi karibu na saa ya watu kukatazwa kuwa nje. Sikumlaumu. Nami sikumwita.

Mke wa yule fundi magari ndiye aliyenieleza habari za daktari wa meno, mwanamke kijana aliyepokea wagonjwa karibu na soko la kati. Nilikwenda na Hadija kwa kuwa ndiye aliyekuwa ameshazoea kunielewa. Chumba cha kungojea kilikuwa na viti vya kuzunguka ukuta, na tuliokaa mle tulitoka kila upande wa mji, wa Mutakura, wa Kinindo, wa kwetu, mitaa ambayo vita ilikuwa imeitenganisha. Miaka ile ukikaa na usiowajua hukuwatazama usoni. Tulitazamana viatu. Mlio mmoja uliposikika mbali, viatu vyote vilijivuta chini ya viti kwa pamoja, kisha polepole vikarudi. Nikawaza kwamba sote humu tuna meno mabovu na masikio mazima kupita kiasi.

Daktari aliitwa Esperansi. Alipitisha kioo chake kidogo katika ule mwanya, akatazama muda mrefu. Kisha akaweka vidole vyake kwenye mashavu yangu, akabonyeza, machozi yakanitoka. Aliniambia meno yangu yamelika kama ya bibi kizee. Akauliza kama nasaga meno usingizini. Nikatikisa kichwa kwamba sijui. Akasema mwenyewe hawezi kujua, aulizwe anayelala naye.

Hadija, aliyekuwa kwenye kigoda anachezea pamba, akasema, "Mama anatafuna mawe."

Tukamgeukia. Alieleza kwamba baba akiwa safarini yeye hulala kwangu, na kila usiku anasikia natafuna. Nikamuuliza kwa meno yaliyofungwa mbona hakuniambia kitu.

"Nilizani unakula kitu yako peke yako," alisema. "Sikutaka kukuomba."

Kulikuwa na uhaba mwaka ule, sukari ilikuwa ya kutafutwa, na mtoto wangu alikuwa amelala gizani miezi mizima akidhani mama yake anakula kwa siri, na amemsamehe. Nililia kwenye kile kiti cha meno. Daktari hakunihimiza. Aliniacha, akapanga vyombo vyake vilivyokuwa vimeshapangika.

Halafu akanifundisha jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia katika maisha yangu. Meno ya juu na ya chini hayatakiwi kugusana, ila wakati wa kula tu. Midomo ifungwe, meno yaachane. Aliniambia nijichunguze pale pale, na kweli, yalikuwa yamebanana. Nikayaachia. Baada ya maneno mawili matatu nikajichunguza tena: yamebanana.

Akauliza, "Unauma nini, mama?"

Nikasema sina kitu. Ndivyo nilivyokuwa nimeambiwa.

Akavuta kigoda akakaa. Alisema yeye alikimbia Mutakura, sasa anaishi kwa shangazi yake Kinindo, na mfukoni ana funguo za nyumba asiyojua kama bado ina mlango. Tangu hapo tumbo lake halikai na chakula. "Hofu ikikosa pa kwenda inakaa mu mwili," alisema. "Kila mutu na pahali yake. Ya kwako imechagua hapa." Akanigusa shavu. Nilihisi kama mtu aliyepewa kiti baada ya kusimama siku nzima. Kumbe nina kitu. Kumbe kina jina.

Alisema kuna kifaa cha plastiki cha kuvaa usiku kinachokinga meno, lakini mipaka ilikuwa imefungwa na vikwazo vya nchi jirani, vifaa haviingii. Tutatumia tulivyo navyo. Kitambaa cha maji ya moto mashavuni asubuhi na jioni. Kukanda kwa vidole kwa mzunguko mdogo mdogo. Kufungua kinywa mbele ya kioo polepole, bila kulazimisha, mpaka kidole kimoja kiingie, halafu viwili, halafu vitatu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Na mchana kutwa, ulimi ukae juu nyuma ya meno ya mbele, kama mtu anayetaka kutamka herufi L.

Kwa hiyo nikaanza kuhesabu majira kwa vidole. Kidole kimoja kilipatikana mvua zikiwa katikati. Nilitundika vipande vyekundu vya kitambaa kwenye mashine, mlangoni, kwenye mtungi, na kila nikikiona kimoja nilijiuliza meno yako wapi. Karibu kila mara yalikuwa yamebanana. Nilichoka kujikuta hivyo. Niliacha kusikiliza redio mchana kutwa, nikasikiliza taarifa moja tu ya asubuhi, na jioni mabukwe aliificha redio chini ya kanga zake bila kuambiwa. Nilianza kutembea alfajiri na mke wa fundi magari, tukizunguka mitaa ya Buyenzi kabla vumbi halijaamka, tukivuta pumzi kwa pua na kuitoa kwa kinywa kile kidogo. Siku za mwanzo nilitetemeka kila kona. Yeye alizungumza habari za kuku wake mwendo mzima, Mungu ambariki.

Halafu siku moja, baada ya sala ya alasiri, nikiwa bado kwenye mkeka naleta dhikri, niliona jambo. La ilaha illa Llah. Ulimi unapanda juu, nyuma ya meno ya mbele, unakaa pale, na meno hayakutani hata mara moja tangu mwanzo mpaka mwisho. Ni kule kule daktari alikonielekeza. Nilirudia polepole zaidi, taya limelegea. Nikamwonyesha mabukwe. Alijaribu mwenyewe, amegusa shavu lake kwa kidole, akarudia, akasema miaka yote hii hakujua. Tangu siku hiyo tulikaa pamoja kila alasiri, yeye na tasbihi yake, mimi na mashavu yangu.

Vidole viwili vilipoingia, mvua kubwa zilikuwa zimekwisha. Nilikula wali. Punje kwa punje, lakini wali.

Ndipo konvua ikapigwa.

Ilikuwa siku ya Ramadhani kurudi. Kabla ya adhuhuri fundi magari alikuja, amesimama mlangoni bila kuvua kofia, akasema kuna malori yameungua kule juu, hajui ya nani. Sitaieleza siku ile yote. Wanawake wa madereva tulikwenda kusimama pale malori yanaposhushia, jua likatuchoma, magari machache yakafika, kila moja likishusha mtu asiye wangu. Nilirudi bila habari. Nilimkuta mabukwe amekaa sakafuni, anatazama ukuta. Kesho yake vilevile. Nilipotaka kumpa Hadija uji nilisema "kunywa" na neno likatoka puani. Taya lilikuwa limefungwa tena. Miezi yote ile, vidole vyote, asubuhi moja tu. Nilijiona nimerudi kwenye chumba cha mapazia, nangoja mgongo ujipinde.

Ramadhani alifika alasiri ya siku ile, kwa lori la mtu mwingine, bila viatu, na matope yaliyokauka mpaka shingoni. Tulimshika kama tunampima kama yu kamili. Aliomba maji. Alikunywa, akafuta mdomo, akatutazama mmoja mmoja, kisha akasema, "Tulipata pancha."

Nami nilikuwa tayari kuipokea. Ningesema pancha mbaya hiyo, ningewasha moto.

Ni mabukwe aliyezungumza. Alisema, "Usimudanganye. Mi nilidanganywa, najua inafanya nini."

Akatuambia, akiwa amekaa pale pale sakafuni, sauti yake haipandi wala haishuki. Katika mwaka wa sabini na mbili, watu walipokuwa wanachukuliwa wasirudi, mume wake, baba yake Ramadhani, aliitwa na watu, na akiwa anavaa koti alimwambia anakwenda kuandikisha jina tu, atarudi kula. Alijua, mabukwe alisema. Alikuwa ameshavua saa yake akaiacha mezani. Lakini alimwambia atarudi kula, na yeye akapika, akaweka sahani, akaifunika. Hakulia, kwa sababu kulia kungekuwa kusema kwamba hatarudi, na majirani wangesikia, na watoto walikuwa wadogo. Baada ya juma moja miguu yake ilikataa kusimama. Miezi mingi alitambaa ndani ya nyumba. Watu walisema amerogwa, naye akakubali kwamba amerogwa, maana lilikuwa neno rahisi kuliko lile jingine. "Nilipoona kinywa yako," aliniambia, "nilijua siku ya kwanza. Sikutaka kujua."

Ramadhani alikuwa hajawahi kusikia haya. Alikuwa anadhani baba yake alikufa kwa homa. Alikaa chini taratibu, mgongo kwenye ukuta, karibu na mama yake. Kisha akasema. Alisema juu ya lori la mbele yake na dereva wake, ambaye alikuwa amekula kwetu Idi iliyopita. Alisema juu ya mfereji wa migomba alimolala amefunika kisogo kwa mikono, akisikia watu wanapita wanazungumza mambo ya kawaida kabisa. Alisema pia juu ya turubai. "Haikuwa tawi," akasema. Nikamwambia, kwa meno yale yale, "Najua. Mi ndiye nilishona."

Hadija alikuwa kwa jirani, na nashukuru. Sisi watatu tulilia mpaka adhana ya magharibi.

Sitaki mtu asome hapa akadhani kwamba tulilia na taya likafunguka. Halikufunguka. Lilichukua majuma kadhaa kurudi kwenye kidole kimoja, na safari hii niliumia zaidi, na nilikasirika kwa kuwa nilidhani nimeshapita. Nilirudi kwa daktari Esperansi nikiwa na aibu ya mwanafunzi aliyerudishwa darasa. Aliniambia atakayepona bila kurudi nyuma hajamwona. Akanianzisha upya: maji ya moto, kukanda, kioo.

Lakini jambo moja lilibadilika nyumbani. Ramadhani hakuacha barabara, hatukuwa na njia nyingine, na lori lenyewe lilikuwa limeungua ikabidi aendeshe la mwingine, bovu zaidi. Ila akirudi, kabla ya kula, tulikaa uani yeye na mimi na mabukwe, akaeleza ilivyokuwa. Ikiwa shwari alisema shwari, na sasa neno hilo lilikuwa na uzito, niliweza kuliegemea. Ikiwa mbaya alisema mbaya. Nami nilisema yangu: saa ngapi nilianza kusikiliza magari, nilipobana, nilivyomfokea mtoto bure. Mwanzoni ilikuwa mbaya kuliko kunyamaza. Nilijua jina la kila kona. Lakini nilichokijua kilikuwa na mwisho wake, na nilichokuwa nakikisia zamani hakikuwa na mwisho. Polepole Hadija aliacha kuniripoti kila asubuhi habari za mawe. Siku nyingine alisema, "Leo ulitafuna kidogo tu."

Basi wewe unayenisoma, na umeambiwa huna kitu: unacho. Mtafute wa kukigusa na kukipa jina. Weka maji motoni, tembea asubuhi na mwenye habari za kuku, punguza redio. Na kama kuna mtu mnadanganyana kwa upendo, mmoja aanze kusema kweli. Itawauma. Usipime siku kwa siku, pima msimu kwa msimu.

Vita haikwisha mwaka ule wala uliofuata. Vidole vitatu nilivipata kiangazi kilichofuata, na hata leo nikifungua kinywa sana upande wa kulia unaalika.

Alasiri moja ya kiangazi hicho joto lilikuwa zito, mji mzima umelegea. Nilikuwa naweka pindo kwenye gauni la bibi harusi. Mabukwe alikuwa mkekani. Ramadhani alikuwa ameondoka kaskazini asubuhi ile na wenzake, saa ile wangekuwa kwenye zile kona. Mshono ulikuwa mrefu, wa kuchosha, na bila kutaka, bila kufikiri, kinywa changu kilifunguka chote, pana, mpaka machozi yakaja machoni, na pumzi ndefu ikatoka kwa sauti.

Mabukwe aliinua kichwa. Ana adabu sana, kupiga mwayo bila kuziba mdomo kwake ni ushenzi. Nilingoja anikemee.

"Mukazana wangu," alisema, akiniita mkwe wake kwa Kirundi, "umesikia usingizi?"

Nikasema ndiyo, mabukwe, nasikia usingizi.

"Na yeye iko njiani?"

"Iko njiani."

Alinitazama kidogo, kisha akasogea upande mmoja wa mkeka, akanipapasia mahali pa kulala.